Breketi za TV zimefika na kasoro: tatizo lilianzia wapi?

Breketi ya kutundikia TV ukutani ni chuma kitupu ndani ya boksi la karatasi. Mfanyabiashara aliyezoea kuagiza nguo au vyombo vya plastiki kutoka China hushangaa anapopokea mzigo wake wa kwanza wa breketi: katoni ndogo lakini nzito ajabu, pembe zimetoboka, skrubu zimemwagika, na bili ya kago, yaani kampuni inayosafirisha mzigo, haifanani na hesabu aliyoipiga. Wa kwanza kulaumiwa ni makuli wa bandarini. Makuli wana lawama yao, ila kasoro nyingi za breketi huwa zimeshafungwa ndani ya katoni kabla kontena halijaondoka bandari za China kama Nansha au Ningbo.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama zinavyojitokeza mzigo unapofika Dar au Mombasa. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokuhusu. Kabla ya hapo fanya jambo moja: katoni iliyoharibika usiikate tepu mpaka umeipiga picha pande zote sita, pamoja na katoni zilizokuwa juu na chini yake kama bado zimepangwa. Ukishaifungua, ushahidi wa nani alifanya nini umeuvuruga mwenyewe.

CBM zimeongezeka njiani

Kiwanda kilisema CBM 4, yaani mita za ujazo 4, kago wanadai 5.1. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapotokea, na mara nyingi hakuna aliyeiba.

Chukua katoni ya breketi bapa, zile zisizogeuka, vipande 10 ndani: sentimita 47 kwa 24 kwa 18, kilo 13. Zidisha, unapata CBM 0.0203. Katoni 200 ni CBM 4.06. Sasa katoni hiyohiyo ijazwe kupita kiasi, au vipande vipangwe ovyo, itatoa tumbo. Mpimaji wa ghala hana habari na mchoro wa kiwanda. Anaweka futi pale palipotokeza zaidi. Kila kipimo kikiongezeka sentimita 2, yaani 49 kwa 26 kwa 20, katoni inakuwa CBM 0.0255 na mzigo mzima CBM 5.1. Umeongezewa robo ya bili kwa sentimita mbili ambazo kwa macho huzioni.

Namna ya kujua: pima katoni chache mwenyewe, mara moja kwenye pembe na mara moja katikati ya ubavu. Pembe zikisoma 47 na katikati 49, katoni imevimba. Pembe nazo zikisoma zaidi ya ulichoandikiwa, kiwanda kilikupa vipimo vya ndani vya katoni badala ya vya nje. Kwa karatasi ya tabaka tano tofauti hiyo inafika sentimita moja na zaidi kwa kila upande unaopima. Vipimo vyote vikiwa sawa na vya kiwanda, uliza kama mzigo ulipimwa ukiwa juu ya paleti. Paleti moja ya sentimita 120 kwa 100, kimo 15, inakula CBM 0.18 kabla hujaweka hata katoni moja juu yake. Kwa mzigo wa kuchangia kontena mimi siwekeshi paleti kama katoni zenyewe ni imara.

Tiba ni kumwambia kiwanda akutumie picha ya katoni iliyokwisha kufungwa, futi ikiwa imewekwa katikati ya ubavu, kabla hujalipa salio. Baada ya kulipa salio utaahidiwa mengi.

Kuna jambo la hesabu ambalo wengi hulipita. Baharini, mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa CBM au kwa tani, kinachozidi, na kwa kawaida CBM 1 inahesabiwa sawa na kilo 1,000. Katoni yetu ya mfano ina kilo kama 640 kwa kila CBM. Haijafika 1,000, kwa hiyo unalipia nafasi, na hewa iliyomo ndani ya katoni unailipia pia. Kwa ndege mambo yanageuka. Huko CBM 1 inahesabiwa kama kilo 167, na breketi zinaipita mbali, kwa hiyo unalipia uzito halisi. Mtu anayebana katoni ili apunguze bili ya ndege anahangaika bure. Na mtu anayeleta breketi kwa ndege, labda awe na mteja wa hoteli anayesubiri, sijui faida anaipata wapi.

Kontena zima limezidi uzito

Hili huwapata waliokua kibiashara, wakaacha kuchangia. Kontena la futi 20 linabeba CBM 33 hivi kwa ndani. Zidisha na kilo 640: tani 21. Hapo bado uko salama kwa kawaida, japo karibu na ukingo. Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu lina CBM 76, na ukijaribu kulijaza breketi tupu unakwenda tani 48, jambo ambalo halipo. Utafika kikomo cha uzito kontena likiwa limejaa nusu na kidogo tu, halafu nusu nyingine unailipia ikiwa tupu.

Anayeagiza futi 40 kwa sababu alisikia bei ya CBM inashuka, achanganye na bidhaa nyepesi, breketi zikae chini na zitandazwe sakafu nzima. Zikirundikwa upande wa mlango, lori linakuwa zito nyuma, na mzani wa barabarani unapima ekseli moja moja, haujali kwamba jumla yako iko sawa. Kwa mzigo unaokwenda Kigali au Kampala, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani iko njia nzima.

Uzito unaoandikwa nao usibahatishwe. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa, kwa kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini. Kiwanda kikijumlisha uzito wa bidhaa kikasahau wa katoni, paleti na mbao, namba zitagongana na kontena litaachwa gatini.

Katoni zimetoboka

Chukua katoni iliyotoboka, ishike karibu na mwanga, uangalie midomo ya tundu. Nyuzi za karatasi zikiwa zimesukumwa nje, kilichotoboa kilikuwa ndani: reli ya breketi imeteleza kwa urefu na kugonga ukuta wa katoni mara nyingi mpaka ukapasuka. Midomo ikiwa imeingia ndani, kitu kimetoka nje: uma wa foko (forklift), ncha ya ubao, au pembe ya mzigo wa mwenzako. Tundu la foko huwa pana, bapa, na liko sentimita chache kutoka chini. Tundu la reli liko kwenye kichwa cha katoni, upande ule mfupi, na mara nyingi utakuta matundu mawili yanayolingana, moja kila ncha, kwa sababu mzigo ulikuwa unakwenda na kurudi kila dereva anaposhika breki.

Upande wa ndani wa kichwa hicho nao una maelezo yake. Ukikuta alama nyeusi za rangi zimesuguliwa kwenye karatasi, umbo la reli likionekana kama muhuri, hilo ni jambo la muda mrefu. Ukikuta mchano mmoja safi, usio na alama, katoni iliangushwa mara moja kwa kichwa.

Chanzo cha kwanza ni nafasi. Reli ya sentimita 44 ndani ya boksi la sentimita 46 ina sentimita 2 za kupata mwendo, na chuma kikishapata mwendo karatasi haikizuii. Chanzo cha pili ni kukinga mahali pasipohitaji. Viwanda vinapenda kufunika uso wa breketi kwa foronya ya povu jembamba ili rangi isikwaruzike, wakaziacha ncha uchi. Breketi haivunjiki usoni. Inachohitaji ni vizibo vya ncha: povu zito la plastiki liitwalo EPE, au karatasi ya mawimbi iliyokunjwa mara kadhaa, kila mwisho, kiasi kwamba ukilitikisa boksi karibu na sikio husikii kitu. Jaribio hilo la kutikisa halina gharama, na mtu wako aliyeko Guangzhou anaweza kulifanya mbele ya kamera ya simu.

Breketi za mkono, zile zinazovutwa na kugeuzwa, zina tatizo la zaidi. Uzito wake umeegemea upande mmoja, pale penye kiungo cha mkono. Zikipangwa zote zikielekea upande uleule, katoni inakuwa na kichwa kizito, na anayeibeba akiiachia inaanguka kwa kichwa hichohicho kila mara. Agiza zipangwe kwa kupishana, moja kichwa huku, inayofuata kichwa kule.

Na uzito wa katoni nzima uangaliwe. Katoni ya kilo 13 mpaka 18 mtu mmoja anaibeba na kuiweka chini. Ikipita kilo 25 anaiachia, na wala simlaumu. Kiwanda kitakushawishi ufunge vipande 20 kwenye katoni moja ili uokoe karatasi. Ukikubali, andaa na pesa za maboksi mapya ya rejareja.

Katoni za chini zimebonyea

Za juu nzima, za chini zimekaa kama zimekaliwa. Angalia mpangilio kwanza. Nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake nne. Zikipangwa nguzo kwa nguzo, pembe juu ya pembe, zinabeba uzito mkubwa. Zikipangwa kwa kupishana kama matofali, rundo linaonekana imara na halianguki, lakini pembe ya katoni ya juu inakalia katikati ya ile ya chini, mahali pasipo na nguvu, na uwezo wa kubeba unapungua kwa karibu nusu. Panga nguzo, kisha mbili za juu kabisa ndizo zipishanishwe, ufunge mikanda.

Unyevu unafanya kazi ileile kimyakimya. Karatasi iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na safari ya wiki kadhaa kupitia Bahari ya Hindi ina hewa hiyo tele. Kwa breketi usikubali karatasi ya tabaka tatu kwa katoni ya nje. Tabaka tano ndiyo mwanzo. Ukiikunja pembe ya katoni kwa vidole na ikakunjika bila ubishi, hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya chuma.

Kama ulitumia paleti, tazama kama katoni zilitokeza nje ya ukingo wake. Zikining'inia hata sentimita mbili tatu, pembe za upande huo hazina kitu chini yake. Paleti za mbao zenyewe ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, maana yake mbao zimepashwa moto mpaka nyuzi 56 kwenye kiini chake kwa dakika 30 au zimefukizwa dawa. Bila muhuri huo wakaguzi wa mimea wana haki ya kuuzuia mzigo. Paleti za plaiwudi haziguswi na sharti hilo.

Skrubu hazimo

Mteja anarudi dukani: breketi ipo, mfuko wa skrubu haupo, au upo umepasuka na skrubu za M8, zile za milimita 8, zimebaki mbili. Kama boksi la rejareja lilikuwa na tundu dogo, skrubu zilitoka njiani. Mfuko mwembamba wa nailoni uliachwa huru ndani ya boksi, ukasuguliwa na chuma. Kama boksi ni zima na tepu yake haijaguswa, skrubu hazikuwekwa kiwandani. Kuthibitisha huhitaji kufungua mzigo wote. Weka boksi moja ulilolikagua kwenye mzani wa kidijiti, andika uzito wake, halafu pima mengine. Mfuko wa skrubu na washa unaweza kufika gramu mia mbili na zaidi, kwa hiyo boksi pungufu linajionyesha lenyewe. Kiwanda makini hupima hivyo kila boksi kwenye mkanda. Ulizia kabla ya kuagiza, na sharti liwe kwamba skrubu ziwe kwenye kiboksi chake kigumu ndani ya boksi.

Hapa niseme la pembeni. Seti nyingi zinazotengenezwa kwa soko la Marekani zina skrubu ndefu za mbao, kwa sababu nyumba za kule zina nguzo za mbao nyuma ya ukuta. Kwetu ukuta ni tofali la saruji au zege, na fisha za plastiki zinazokuja kwenye seti hizo ni za kuchezea. TV ya inchi 65 ikianguka, mteja atasema breketi mbovu. Mwambie kiwanda aweke boliti za kutanuka, au ununue fisha nzuri Kariakoo uuze pamoja. Gharama ni ndogo ukilinganisha na ugomvi.

Kutu na mikwaruzo

Kutu yenye madoa chini ya rangi, rangi ikivimba kama lengelenge, ni ya kiwandani: chuma hakikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa rangi ya unga. Safari imeifichua tu. Kutu iliyo kwenye nyuzi za skrubu, kingo zilizokatwa na matundu, huku rangi ikiwa nzima, ni unyevu wa njiani.

Unyevu huo nao una asili mbili au tatu, na mahali ulipo mzigo panakueleza. Katoni za juu kabisa zikiwa na madoa ya matone, ni jasho la kontena: usiku bati la paa linapoa, hewa ya ndani inatoa maji, yanadondoka. Katoni za chini zikiwa zimelowa kutoka sakafuni, maji yaliingia. Katoni za upande mmoja tu zikiwa zimelowa, tafuta tundu. Mtu mmoja aingie, milango ifungwe, aangalie mwanga unapopenya. Mkaguzi wa bima akitaka kujua kama ni maji ya bahari au ya mvua, hudondoshea nitrati ya fedha. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, pana chumvi. Usiifute katoni kabla hajafika.

Kuzuia jasho, vifuko vidogo vya silika ndani ya boksi havitoshi kontena zima. Vinavyofaa ni vile virefu vya kloridi ya kalsiamu vinavyoning'inizwa kwenye kuta za kontena. Na mbao za paleti ziwe kavu, maana paleti mbichi inaingiza maji yake yenyewe.

Mikwaruzo nitaipita haraka: chuma kimegusa chuma. Karatasi moja kati ya sahani mbili inatosha.

Mkono umepinda, katoni nzima

Katoni haina kovu hata moja na mkono wa breketi umepinda. Hiyo ilifungwa ikiwa imepinda, au bati ni jembamba kuliko sampuli uliyoonyeshwa. Pima unene kwa kalipa ulinganishe na sampuli. Usimruhusu fundi ainyooshe kwa nyundo mkaiuza. Chuma kilichopinda na kunyooshwa kimeshachoka, na juu yake patakaa TV, chini yake pengine watoto.

Forodha wamebadilisha namba

Wakala wako anapiga simu: namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru, uliyotangaza imekataliwa, kodi imepanda. Karibu kila mara chanzo ni maelezo ya bidhaa kwenye ankara ya mauzo. Muuzaji ameandika "vifaa vya TV", basi. Ofisa hana muda wa kuwaza. Vifaa vya TV vinampeleka kwenye 8529, vipuri vya runinga. Au muuzaji ameandika "stendi za TV", naye anafikiria samani, 9403. Au "bidhaa za chuma", akaenda 7326 iliyo kapu la kila kitu.

Hoja ya breketi ya chuma ya ukutani ni hii. Namba 8302 inazitaja breketi kwa jina, pamoja na vyango vya kofia na vifaa vya aina hiyo vya metali za kawaida, na kijifungu chake ni 8302.50. Kanuni ya kwanza ya kutafsiri HS inataka uanze na maneno ya kichwa chenyewe, na hapo bidhaa imetajwa. Samani inaondolewa na maelezo ya Sura ya 94: vitu vya 9401 mpaka 9403 ni vile vilivyotengenezwa kukaa sakafuni, na vile vya kutundikwa vinavyoruhusiwa vimeorodheshwa, kama makabati na rafu. Breketi haimo. Stendi yenye magurudumu ni kesi nyingine, hiyo inaweza kabisa kuwa samani.

Kwa 8529, soma maneno kwa makini. Inasema vipuri vinavyofaa kutumika tu, au hasa, na mashine hizo. Haisemi vipuri na viambatisho, kama namba nyingine zinavyosema, mfano 8473. TV inafanya kazi yake yote bila breketi. Kwa hiyo breketi ni kiambatisho, na kiambatisho hakina nafasi pale. Hoja hii mwandikie wakala kwa maandishi. Mawakala wengi ni wazuri kwa mfumo na foleni, lakini hawana muda wa kukutetea kwa vifungu.

Tofauti si ya kinadharia. Tangu Julai 2022, Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi milioni 10 ikijumlishwa bima na nauli. Kwenye ngazi ya 10 ushuru ni milioni 1, na VAT ya Tanzania ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya milioni 11, yaani milioni 1.98. Kwenye ngazi ya 25 ushuru ni milioni 2.5, na VAT inakuwa milioni 2.25. Jumla zinatofautiana kwa milioni 1.77, bado tozo nyingine. Na tofauti hiyo inakwenda pande zote mbili: kama namba sahihi ndiyo yenye ushuru mkubwa, tangaza hiyohiyo. Faini na gharama za stoo bandarini haziachi kitu.

Kinachozuia mabishano ni ankara iliyoandikwa vizuri: breketi ya chuma ya kutundikia runinga ukutani, chuma kilichopakwa rangi ya unga, saizi ya matundu ya VESA (yale ya nyuma ya TV), inchi za TV, na kwamba imefungashwa pamoja na skrubu zake. Kama seti ina kebo ya HDMI ndani ya boksi lilelile la rejareja, kebo inafuata breketi. Kebo zikiwa kwenye katoni yake peke yake, zitangazwe mstari wake. Breketi za mota usizipeleke kwa kukisia. Mwagizaji wa kila mwezi aombe uamuzi wa awali wa uainishaji kwa mamlaka ya mapato, TRA au KRA, kabla mzigo haujaondoka. Utaratibu huo upo na unaifunga mamlaka kwa bidhaa ile uliyoieleza.

Uko Marekani na bili imebadilishwa baada ya kupokelewa

Hili ni kwa ndugu walioko kule wanaouza mtandaoni na kusafirisha paleti moja mbili kwa malori ya kuchanganya mizigo. Kule uainishaji ni mwingine kabisa: madaraja ya NMFC, mfumo wao wa kupanga mizigo ya malori, kuanzia 50 mpaka 500, na daraja likipanda, nauli inapanda. Tangu tarehe 19 Julai 2025 bidhaa nyingi zimehamishiwa kwenye ngazi 13 za msongamano, yaani ratili kwa futi moja ya ujazo.

Dalili ni bili ya nyongeza ya kupimwa upya. Sababu ni kwamba ulikokotoa msongamano wa katoni, wao wamepima paleti nzima na mapengo yake. Katoni yetu ya mfano peke yake ina ratili 40 kwa futi ya ujazo, daraja la 55. Iweke kwenye paleti ya inchi 48 kwa 40, kimo cha inchi 48 na paleti yenyewe, uzito ratili 1,000. Ujazo ni futi 53.3, msongamano 18.75, na daraja ni 70. Ukizipanga vizuri paleti hiyohiyo ikabeba ratili 1,300, unafika 24.4, daraja la 65. Katoni moja ya ziada iliyowekwa peke yake juu, katikati ya paleti, inapandisha kimo chote na kukushusha msongamano, iweke kwingine. Kwenye hati andika breketi za chuma, usiandike vifaa vya elektroniki.

Katoni pungufu

Kwenye kontena la kuchangia, kinachokutambulisha ni maki yako, yaani alama ya mwenye mzigo. Stika hubanduka kwa unyevu. Maki iandikwe moja kwa moja kwenye karatasi, pande mbili zinazokabiliana, pamoja na namba ya katoni kwa jumla yake, mfano 37/200. Bila namba utajua zimepungua tatu, hutajua zipi, na kiwanda na kago watatupiana mpira mpaka uchoke.

Kudai

Hesabu na ukague hapohapo unapopokea, na kasoro ziandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujasaini. Chini ya kanuni za Hague na Hague-Visby, zile za kimataifa za mizigo ya melini, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kutolewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea, na kesi dhidi ya mwenye meli ina mwaka 1. Ila ukichangia kontena kupitia kago, hati ya shehena mara nyingi haina jina lako; mkataba wako ni na kago, na masharti yao, pengine ya mistari minne nyuma ya risiti, ndiyo yanayokuhusu. Yasome wakati wa kukabidhi mzigo Guangzhou. Wengi wao wanalipa kwa kilo au kwa katoni iliyopotea, na hawalipi chochote kwa iliyobonyea.